Maiti Hatukuiona

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Ilianza saa kumi juu ya bati langu,
na hadi saa moja watu sitini na wawili
wamebanana kwenye mabenchi, masweta yanafuka mvuke,
kila mmoja kalipa mia tano
isipokuwa Bibi Tusekile, ambaye hulipa kwa ndizi.

Mimi nilikwisha kuiona.
Ijumaa usiku, peke yangu, sauti nimeifunga,
maana mwenye kibanda lazima ajue kama diski ni nzima.
Siku mbili nikatembea na kifo cha Orwendi mdomoni
kama mtu aliyefumbata yai.
Anyosisye alinipakia kwenye pikipiki yake,
ile iliyoandikwa ORWENDI HAFI kwenye madigadi,
akauliza, "Eti bosi, inaishaje?"
Nikamwambia angalia shimo mbele.

Basi joka likashuka. Daraja likakatika.
Orwendi akaenda na upanga wake ndani ya ukungu,
ukungu kama wetu huu wa Rungwe,
unaomeza ng'ombe alfajiri
na kumrudisha saa nne, kalowa, anacheua.
Na yule mtafsiri wa Dar mwenye sauti ya kukwaruza,
anayewafanya wafalme wa barafu wagombane kama wapiga debe,
yule asiyeacha upenyo bila neno,
alinyamaza.
Kisha majina, meupe, yanapanda.
Hakuna aliyeyasoma.

"Hela yetu!"
Huyo Gwakisa, fundi baiskeli, anarusha kofia.
Mwalimu Lupakisyo akasema hadithi ilikufa tangu sehemu ya sita,
malkia gani mwenye akili anavunja daraja lake mwenyewe?
Vijana wa viazi wakapiga miluzi;
wao walikuwa upande wa joka toka mwanzo.
Bibi Tusekile akauliza kama yule kijana alikuwa na mama.
Hatukujua. Misimu mitatu, na hatukujua.

Ndipo Anyosisye akapanda juu ya benchi:
"Maiti mmeiona? Nani kaiona maiti?"

Kibanda kikageuka baraza la mahakama.
Kweli, hatukuiona.
Upanga ulielea, mimi niliuona ukielea.
Chini kuna mto, sikilizeni vizuri, kuna mto.
Asiyeonyeshwa kalala, huyo hajafa!
Msimu wa nne anatokea, ana ndevu hadi hapa.
Hata Gwakisa akaokota kofia yake.
Nami nikaongeza, maana matumaini ni biashara:
"Kabisa. Atarudi."

Neno likiwa bado hewani nikamwona Subilaga
mlangoni, na ndoo yake ya maandazi.

Ambakisye wake aliingia duarani kule Chunya,
duara likafunga.
Wenzake walileta koti
na simu isiyo na laini.
Ukoo ukabishana kama kaburi lichimbwe.
Halikuchimbwa.
Huu ni mwaka wa saba, na mbele ya watu
hakuna anayejua amwite mjane au amwite mama fulani,
wanamwita tu Subi, wananunua maandazi.

Walitoka wakiwa wamechangamka, nailoni vichwani,
wanabishana hadi kona ya stendi.
Yeye akafunika ndoo. Akafunua. Akafunika tena.

"Huo msimu wa nne, ni lini?"

Nikasema hawajatangaza. Pengine mwakani.
Pengine mwaka wa keshokutwa.
Pengine wataiacha hivyo hivyo, huwa wanafanya.

"Huwa wanafanya," akasema.

Akafungua fundo la kanga,
akaweka sarafu mezani, nyati juu.
"Nishikie nafasi. Hapa hapa mlangoni."

Nilitaka kumrudishia. Nilitaka kumwambia
nimeiona mara mbili, ya kwanza bila sauti,
na hakuna mto.
Nikachukua daftari, nikaandika: Subilaga, 500.

Nyati yuko juu ya deki hadi leo.
Nikipangusa vumbi, namnyanyua,
nikimaliza, namrudisha palepale.